Mkono wa Kushoto wa Ya Faustin

6 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha mchana. Imepiga mabati mpaka wachezaji wakashindwa kusikia filimbi ya refa ndani ya televisheni. Nimenunua daftari hili kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu. Ninaliandika kwa Kiswahili tulichofundishwa na masista shuleni. Watu nitawaandika wanavyosema.

Mimi ni Wivine, nina miaka ishirini na minne. Nasimamia chumba cha michezo mbele ya nyumba yetu, hapa Katuba: televisheni mbili, mabenchi matatu, na vijana wanaocheza mpira wa kwenye skrini kwa maneti, kile kifaa cha mikono miwili chenye vitufe na vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba. Kwa maneti, mtaani kwetu hakuna anayenishinda kirahisi.

Kaka yangu, Ya Faustin (hapa kaka mkubwa huitwa Ya au Yaya), alikuwa mwalimu wa tenisi katika klabu moja mjini. Wiki sita zilizopita, kule Annexe, nje ya mji, anakokaa Mama, mkanda wa mashine ya Mama ya kusaga mahindi ulimkata kidole gumba cha mkono wa kulia na kile kinachofuata. Tangu atoke hospitali anakaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Raketi haishiki. Hata maneti haiwezi.

Alikuwa ameinama akirekebisha mkanda. Mimi nilikuwa kwenye swichi. Mama alipokuja mbio, Ya Faustin akamwambia, huku damu inamwagika, "Miye njo nilimuambia awashe. Ni kosa yangu."

Si kweli. Hakusema neno. Foleni ya wateja ilikuwa ndefu na nilitaka kurudi mjini mapema. Nikabonyeza.

9 Novemba

Hakuna umeme.

10 Novemba

Hakuna umeme. Nimefua nguo zote za Ya Faustin. Hakuuliza zilienda wapi.

14 Novemba

Binamu yetu Chanda amefika kutoka Kasumbalesa, viatu vimejaa tope jekundu, na katoni begani. Anafanya biashara ya vyombo vilivyotumika vinavyotoka upande wa Zambia.

"Cousine, angalia kintu nilikuletea."

Ndani mna mashine nyeupe ya michezo, si mpya, diski moja ya tenisi, maneti moja, na fimbo mbili fupi zenye kamba ya kuvaa mkononi.

"Hii fimbo ni ya nini?"

"Unaitikisa kama raketi. Ule muntu wa mu televisheni anapiga vile unapiga. Kama hutaki, cheza na maneti. Diski inakubali yote mbili."

"Ni kintu ya batoto, Chanda."

"Basi wekea batoto. Miye nililala siku tatu nyuma ya malori juu ya kuileta."

Nimeiweka chini ya meza.

15 Novemba

Kalaba, dereva wa mototaksi anayekuja kila siku baada ya chakula cha mchana, ameiona chini ya meza akataka kuijaribu. Alizungusha mkono kwa nguvu akampiga jirani yake sikioni. Wote wamecheka mpaka wakakaa chini. Nimewaambia: mchezo wa kweli ni wa vidole. Maneti hufanya kile hasa ulichobonyeza. Ile fimbo inakisia tu ulitaka nini.

23 Novemba

Leo niandike kwa kirefu.

Vijana walikuwa wanacheza tenisi kwa fimbo, kelele nyingi. Nikasikia mlango wa nyuma. Ya Faustin alisimama kwenye korido, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa hajatoka mbele ya watu tangu Septemba. Akatazama mkono wa Kalaba.

"Uko unakamata hii kintu kama muiko ya bukari."

Kalaba akamnyoshea fimbo, kama mwiko wa ugali kweli. Ya Faustin akaipokea kwa mkono wa kushoto. Nilimvisha kamba mimi, maana vidole vitatu vya kulia havikuweza. Alisimama ubavu, akakunja magoti, akangoja. Mpira wa kwanza aliukosa. Wa pili aliukosa. Wa tatu ulienda nje. Akacheza michezo minne akashindwa yote, jasho linamtoka, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Alipomaliza alirudi chumbani. Baada ya dakika kumi nikamsikia anaita, "Wivine, pazia hii ilikamatwa na nini? Haifunguke."

2 Desemba

Kila asubuhi kabla ya wateja, saa nzima. Mkono wa kushoto tu. Mvua au jua.

9 Desemba

Anashindwa na kila mtu. Anarudi kesho yake.

17 Desemba

Jumapili baada ya misa. Amewashinda wanne mfululizo. Anapiga kwa mkono mzima, bega linageuka, mguu unatangulia, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa klabu. Watu wamesimama hadi barabarani wakichungulia dirishani. Amekula sahani mbili za bukari na samaki wakavu ambao shangazi alituma kutoka Pweto, kisha akaniomba nimwekee maji ya kuoga.

Nilisema fimbo ni ya watoto. Leo nimemtazama mgongo wake nikajua nilisema upuuzi.

28 Desemba

Kalaba amegundua jambo.

Alikuwa amechoka na mvua, akakaa kwenye benchi, soda mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia. Hakusimama wala hakugeuza bega. Kila mpira ulipofika alitikisa kifundo cha mkono kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, na mtu wake ndani ya televisheni alipiga mpira wa radi. Mashine haijui kama umesimama. Haijui kama una bega. Inajua tu kwamba fimbo imetikisika, na kwa haraka gani.

Ya Faustin alicheza naye akiwa amesimama, mkono wake wote ukizunguka. Kabla mkono wake haujafika mwisho, mpira umeshampita. Sita kwa sifuri.

"Hii si tenisi," alisema.

"Yaya, miye niko nashinda tu vile mashine inataka," Kalaba alijibu. Hakusema kwa kejeli. Ilikuwa kweli.

Ya Faustin alivua kamba kwa meno, akaweka fimbo juu ya meza, akaenda zake.

29 Desemba

Pazia limeshushwa.

31 Desemba

Limeshushwa. Mama ametoka Annexe kuja kufunga mwaka nasi. Alimpelekea chakula chumbani, akatoka nacho.

6 Januari

Leo nilimgongea mpaka akafungua. Nilimwambia, "Ya Faustin, kuya tucheze weye na miye. Weye na fimbo, miye na maneti." Alikubali, nadhani ili ninyamaze.

Hatukuwa na mtu mwingine chumbani. Mwanzo nilicheza kama ninavyocheza. Niliongoza tatu kwa moja. Kisha nikamwona anavyofuta jasho kwa ule mkono wenye vidole vitatu, na vidole vyangu vikaanza kuchelewa. Nilibonyeza nusu sekunde baada ya wakati. Nikapeleka mipira miwili wavuni. Akashinda sita kwa nne.

Hakufurahi. Alikaa kwenye benchi la mbele, akanitazama.

"Uliniachia."

"Hapana, Yaya."

"Wivine. Miye nilifundisha batoto myaka saba. Muntu akikuachia, miye najua mbele hata mpira haijafika. Juu ya nini uko unafanya vile?"

Nikaanza kukunja waya wa maneti.

"Basi nitasema miye," akasema. "Uko unanilipa. Kila siku unafua nguo zangu, unapika, unaniletea michezo, sasa unaniletea na ushindi. Siitaki. Kama unataka kunipa kintu, enda ku Mama umuambie kweli. Siku ile nilidanganya juu niliona uso yako. Sikujua kama ile uongo itakuwa muzigo namna hii. Kila Mama akinitazama anasema, mutoto wangu mukubwa, mwenye akili, alisahau namna gani kutoa mukono? Na miye ninanyamaza. Nimechoka, Wivine."

Nilisema nitaenda wiki ijayo.

"Kesho," akasema.

7 Januari

Nimekwenda.

Basi lilituacha mbali kwa sababu barabara ya Annexe imekatwa na maji. Nimetembea na viatu mkononi, kando ya mashamba ya mahindi yaliyofika kifuani. Njiani nilitunga maneno matatu au manne ya kuanzia. Nilipofika yote yalikuwa yamenitoka.

Mama alikuwa kibandani anachekecha unga. Mashine ilikuwa imezimwa. Jina la Mama ni Madeleine, lakini kule wote wanamwita Mama Mashine. Alifurahi kuniona, akaanza kutafuta kiti.

"Mama, usitafute kiti. Ya Faustin hakuniambia niwashe."

Alisimama na chekeche mkononi.

"Alikuwa eko ndani na mukanda. Sikumuuliza. Sikungoja. Niliwasha juu nilitaka kurudia mapema. Yeye alikudanganya juu ya kunikinga. Miye nikanyamaza."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atanipiga, na ningependa anipige. Aliweka chekeche chini taratibu, unga usimwagike. Alienda mpaka kwenye swichi, akaweka kiganja chake juu yake, akakaa hivyo, amenipa mgongo. Kulikuwa na mwanamke mlangoni na ndoo ya mahindi. Mama akamwambia, "Leo hatusage, dada. Rudia kesho."

Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Ulimuona?"

"Niliona mugongo yake."

"Ulijua eko ndani."

"Nilijua, Mama."

Hilo ndilo nililokuwa sijaliandika hata humu. Nilijua yumo. Nilidhani amemaliza. Sikusubiri kuhakikisha.

"Miezi tatu," Mama akasema. "Miezi tatu nilimukasirikia mutoto wangu juu ya kosa yenye haikuwa yake. Nilimuambia ku hospitali, mbele ya bantu, eti hana akili. Na mulinitazama nyinyi babili." Sauti yake haikupanda. "Enda ku nyumba, Wivine. Sina maneno ya kukupa leo."

Nimerudi kwa miguu mpaka lami. Mvua ilinikuta njiani, sikujikinga.

8 Januari

Nimemwambia Ya Faustin kwamba nimesema. Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza Mama alijibu nini.

12 Januari

Mama amekuja. Alipita mbele yangu, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Nilisikia sauti ya Mama muda mrefu, halafu ya kaka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele yangu.

"Toka leo, muntu akiingia kutengeneza mukanda, anaingia na fuzi ya umeme mu mufuko yake. Weye njo utabafundisha benye kunisaidia. Jumamosi utakuya."

"Ndiyo, Mama."

"Na utakuya kila Jumamosi."

Hajanisamehe. Lakini amenipa kazi.

20 Januari

Nimerudi kutoka Annexe nimejaa unga, nikamkuta Ya Faustin amesimama mbele ya televisheni, peke yake, anacheza dhidi ya mashine yenyewe.

Sasa hapigi kwa mkono mzima. Wala hatikisi kifundo cha mkono kama Kalaba. Amemleta mtu wake karibu kabisa na wavu. Mkono uko mbele ya kifua, anausukuma kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango kwa kiganja.

"Ile ni nini, Yaya?"

"Voli. Pale wavuni hata mu tenisi ya kweli huna wakati wa kuvuta mukono nyuma. Unakutana tu na mpira." Alinionyesha tena. "Nilikuwa nakasirikia mashine juu haioni bega yangu. Haitaliona hata siku moja. Lakini hii inaiona, na hii ni tenisi. Sitatikisa fimbo kama muntu wa kufukuza nzi. Na sitashindwa na muntu wa kufukuza nzi."

3 Februari

Amemshinda Kalaba. Saba kwa sita. Kalaba amesimama wima mara ya kwanza tangu Desemba, na soda imemwagika.

11 Februari

Kuna tangazo kanisani. Wiki inayofuata Pasaka vijana wa parokia watafanya mashindano ya michezo ya skrini, mpira na tenisi. Msimamizi ni Hénoc, mwenye chumba kikubwa cha michezo karibu na soko. Mwisho wa tangazo: *maneti tu.*

13 Februari

Nimemwendea Hénoc. Ni mtu wa adabu, ana miaka thelathini hivi, alinipa kiti.

"Mademoiselle Wivine, weye mwenyewe ulisema mbele ya bantu, fimbo ni ya batoto."

"Nilisema. Nilikosea."

"Na ule wa mototaksi anashinda akiwa amekaa. Bantu batasema tunacheza mchezo gani?"

"Kuya uangalie kaka yangu. Nakuomba ile tu. Kisha useme hapana mbele yake, isiwe mbele yangu."

21 Februari

Hénoc amekuja na maneti yake mwenyewe imefungwa kwenye kitambaa. Amecheza na Ya Faustin seti moja, akashinda sita kwa nne, lakini alihangaika. Mwishoni alitazama mkono wa kulia wa Ya Faustin, akatafuta maneno.

"Tunaweza kukutafutia utaratibu, Yaya. Kwa mufano, wengine bakupe pointi mbili mbele ya kuanza."

"Sitaki pointi. Nataka jina langu mu orodha."

Hénoc alifunga maneti yake kwenye kitambaa taratibu. "Basi fimbo itaingia. Kwa yeyote mwenye kuitaka. Akae, asimame, ni shauri yake."

2 Machi

Mvua ya usiku imeingia chumbani. Tumebeba televisheni kichwani. Zote mbili zinawaka.

15 Machi

Tunafanya mazoezi, yeye fimbo, mimi maneti. Sibakizi kitu, ila kimoja. Nimegundua udhaifu wake: akiwa wavuni, nikibonyeza mpira wa juu upite kichwani mwake, inambidi ainue mkono, na fimbo ikiwa juu mashine huchanganyikiwa. Nilifanya mara moja tu, kwa bahati. Akaanza pointi nyingine. Sijarudia.

30 Machi

Jumamosi. Annexe. Wasaidizi wawili wa Mama sasa wanatoa fuzi bila kuambiwa. Mama amenipa chai.

6 Aprili

Mashindano. Ukumbi wa parokia ulijaa, viti havikutosha. Wachezaji wa tenisi kumi na sita, mshindi kwa seti moja. Watu watatu tu walichagua fimbo, na Kalaba alitolewa mapema na binti wa mtaa wa Kamalondo anayeitwa Chancelvie, mwenye vidole vya maneti ambavyo sijawahi kuona.

Ya Faustin alishinda mechi mbili. Mimi mbili. Kwa hiyo nusu fainali ikawa yeye na mimi.

Mama alikuwa ameketi safu ya pili na kitambaa chake cha kanisani. Nilipokaa na maneti, Ya Faustin akiwa amesimama kando yangu, aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Ukiniachia, nitaweka fimbo chini na nitatoka mbele ya bantu bote."

"Sitakuachia."

Tulifika tano kwa tano. Alikuwa wavuni, bega la kushoto mbele, na kila nilichopiga kilirudi. Watu walikuwa upande wake, hilo lilisikika. Mimi pia, kama ningekuwa mtazamaji, ningekuwa upande wake. Nilijua njia moja ya kumpita, na hakuna mtu mwingine katika ukumbi ule aliyeijua.

Nilibonyeza mpira wa juu. Akainua mkono, mashine ikachanganyikiwa, mpira ukaanguka nyuma yake. Ukumbi ukaguna. Nikabonyeza tena. Na tena kwenye mchezo uliofuata. Saba kwa tano.

Niliogopa kugeuka. Nilipogeuka alikuwa anavua kamba kwa meno.

"Lobu tatu," akasema. "Tangu ile siku ya Machi nilikuwa naingoja. Nilianza kufikiri utaificha mpaka nife." Akanyosha mkono wa kulia, ule wa vidole vitatu, ambao alikuwa hajampa mtu yeyote tangu hospitali. Nikaushika. Ni wa moto na una nguvu.

Fainali nimeshindwa na Chancelvie, sita kwa moja. Sina la kujitetea. Mama, tukirudi, alinishika mkono kuvuka mfereji, akausahau ndani ya wake mpaka nyumbani.

12 Aprili

Siku ya tano bila mvua.

Ya Faustin amekwenda klabu leo asubuhi, mwenyewe, bila kuniambia. Meneja alimuuliza atafundishaje kwa mkono mmoja. Akamwomba watoto wanaoanza na saa moja. Mwisho wa ile saa meneja akamwambia aje Jumatano na Jumapili mchana, mpaka Juni, kisha wataona. Ya Faustin amenieleza haya akimenya viazi kwa kushoto, vibaya.

"Fimbo njo ilikufundisha," nikamwambia.

"Fimbo haina uzito, Wivine. Raketi iko nayo. Leo mukono inaniuma mpaka ku shingo. Ile mashine ilinitosha tu kutoka mu chumba. Tenisi nitaianza upya."

21 Aprili

Jumapili. Amenipeleka klabu baada ya watoto kuondoka. Uwanja mwekundu, umekauka, mistari imepakwa upya. Akanipa raketi. Miaka yote hii sikuwahi kushika moja. Kwenye skrini nimepiga mipira labda elfu kumi.

Alisimama ng'ambo ya wavu na kikapu, akanirushia kwa mkono wa kushoto. Wa kwanza nilipiga hewa. Wa pili nilipiga hewa. Wa tatu uligonga ukingo wa raketi ukaenda kwenye ua wa nyasi. Sikuwa na kitufe. Mkono wangu ulikuwa na uzito kama wa mtu mwingine. Alinisahihisha mguu, kisha bega, kisha mguu tena, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kwa watoto, bila huruma na bila hasira. Kikapu kiliisha, tukaokota, akasema "encore", yaani tena, tukaanza upya.

Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya ukuta nilipousikia mpira katikati ya nyuzi. Ulivuka. Uliruka mara moja upande wake, chini, karibu na mguu wake, na akauacha upite. Nilimtazama nikingoja asifu.

Aliinama, akachukua mpira mwingine kikapuni.

"Encore," akasema.